Kutoka Kiti cha Fundi Hadi Lebo Yako: Mwongozo Kamili kwa Mbunifu wa Mavazi Anayeanza Unguja na Pemba

Fundi hushona nguo ya mtu aliyesimama mbele yake. Anampima, anamkatia, anamjaribishia, na bega likikaa vibaya anafumua palepale. Mbunifu hushona nguo ya mtu asiyemjua. Mtu huyo ataingia dukani, ataitungua nguo ilipotundikwa, ataivaa, na itabidi imkae bila fundi kuwepo. Makosa niliyoyafanya miaka yangu ya mwanzo, na yale ninayoyaona kwa vijana wanaokuja na daftari la michoro kwapani, karibu yote yanatoka hapo. Wanajiita wabunifu lakini bado wanashona kifundi: nguo mojamoja, vipimo kichwani, bei ya kukisia.

Ninaandika kwa anayeanzia hapa kwetu, awe Mwembeladu au Wete, ana cherehani moja na mtaji mdogo. Michoro mizuri ni jambo jema, ila sitaizungumzia sana. Wanaojua kuchora ni wengi kuliko wanaojua kutia zipu.

1. Kaa kwa fundi kwanza

Pa kujifunzia pako pa aina mbili. Kuna vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, kama Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja na Vitongoji kwa Pemba, ambako ushoni ni mojawapo ya fani. Halafu kuna kukaa kwa fundi, njia ya wazee wetu. Ukiweza pita kote kuwili. Ukilazimika kuchagua, mimi ningesema anza kwa fundi mwenye kazi nyingi, kwa sababu mkono hujengwa na wingi wa nguo, na chuoni hutashona nguo thelathini kwa wiki. Kwa fundi anayejua kazi, wiki moja ya Ramadhani inakutosha kuzifikia.

Utaanza kwa kufagia, kupiga pasi na kutia vifungo. Usione unadharauliwa, pasi ni nusu ya ushoni. Nguo iliyopigwa pasi kila mshono unapokamilika na nguo iliyopigwa pasi mara moja mwishoni hazifanani hata kama zimekatwa pamoja. Baada ya hapo dai kufundishwa kwa mpangilio: pindo, mfuko, zipu, mkono, kola. Kola iache mwisho, kwa maana inahitaji yote yaliyotangulia.

Nyumbani fanya zoezi hili. Nenda kwenye mitumba ukatafute koti au shati la gharama lililochakaa, ulifumue kipande kwa kipande kwa wembe, kila kipande ukikiandika jina na ukiweka alama kilipoungana na mwenzake. Kipige pasi, kichore kwenye karatasi, kisha uliunge upya. Kola na bitana nimejifunza hivyo, kwa shati la mtu wa Ulaya ambaye hakujua kuwa ananisomesha.

Sindano nazo si za kubahatisha. Namba 70 ni ya shifoni na hariri, 80 ya kanga na pamba nyepesi, 90 ya kitenge kizito, 100 ya jinzi. Sindano butu huvuta nyuzi za kitambaa, ukaja kuilaumu mashine. Ibadilishe kila baada ya saa nane hivi za kushona. Sindano ni rahisi kuliko yadi moja ya lesi.

Kuhusu mashine yenyewe, vijana wengi wanataka ya umeme, na wana haki, ina kasi. Ila kumbuka umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa kiza takriban mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 tukakaa miezi mitatu. Waliokuwa na cherehani za miguu waliendelea kupokea kazi, wenye za umeme walikaa barazani. Ushauri wangu ni cherehani ya miguu iliyofungwa mota: umeme ukiwepo unakwenda nao, ukikatika unavua mkanda wa mota na kurudi kwenye miguu. Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, usiinunue mwaka wa kwanza. Mlipe jirani mwenye nayo kwa kila nguo, na gharama hiyo uiandike.

2. Kijue kitambaa kabla hujakitia mkasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Kitambaa kina uzi wa kwenda na uzi wa kukata. Uzi wa kwenda ni ule unaofuata ukingo wa jora, na ndio wenye nguvu. Gauni likikatwa nje ya uzi huo, baada ya kufuliwa mara mbili upande mmoja wa pindo unashuka na mshono wa ubavuni unazunguka kuja mbele. Hakuna pasi itakayolirudisha. Kwa hiyo kila kipande cha paterni, yaani karatasi ya kukatia, kichore mshale, na mshale huo ulale sambamba na ukingo, ukiupima kwa futi kamba ncha zote mbili. Macho yanadanganya.

Kisha fua. Kitambaa chochote cha pamba kifue kabla ya kukata, kianike, kipige pasi, ndipo ukitandike mezani. Niliwahi kukata magauni kumi na mawili ya kanga kwa duka moja la wageni, kanga zikiwa bado na ugumu wa dukani. Yalipendeza. Yalipofuliwa, mekundu yalitia rangi kwenye bitana nyeupe na urefu ukapungua vidole viwili. Yalirudi yote, na haki yao. Tangu siku hiyo kila kanga ninailoweka kwanza peke yake na kuifua mpaka maji yatoke meupe. Isiyokubali kuacha kutoa rangi haipati bitana nyeupe, ndiyo hukumu yake.

Kanga ni kitambaa chenye akili yake. Inauzwa kwa doti, yaani vipande viwili, kila kimoja kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maandishi yake. Huwezi kuilaza kama kitenge ukakata popote, kwa sababu pindo ni mapambo yaliyokwisha kupangwa. Tandika doti zima sakafuni, weka paterni juu yake bila kukata, kisha tembea kuizunguka. Jiulize pindo refu litakuwa chini ya gauni au ubavuni. Jiulize vipande viwili vya mbele vitakutana vipi katikati, na mkono utaupata kwenye mji au kwenye pindo la ubavu. Mimi huipiga picha kwa simu kila mpangilio, halafu nachagua. Doti moja linatosha gauni la mikono mifupi kwa mtu wa wastani. Akiwa mrefu, au ukitaka marinda, nunua doti mbili za jora moja, kwani rangi za majora mawili hazifanani hata kama mwenye duka anaapa.

Sasa jina. Wageni wanaona maandishi mazuri, sisi tunasoma. Kanga iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ukiikata katikati bila kuangalia, kifuani patabaki "Naogopa simba", na mteja wako atapita nayo Darajani watu wakimpigia makofi. Nimeshona vilevile sketi ambayo jina liliangukia nyuma, mahali pa kukalia. Bibi mmoja aliigeuza, akaitazama, akanirudishia taratibu. "Mwanangu, jina halikaliwi." Nilikifumua kipande chote cha nyuma nikaanza upya. Kanuni zangu ni hizi: jina likae zima au lisiwepo kabisa, liwe juu ya kiuno au kwenye pindo la chini, na kanga yenye dua au jina la Mwenyezi Mungu isikatwe suruali wala nguo ya pwani. Kwa mgeni anayenunua, andika maana ya jina kwenye kikaratasi ukitundike na nguo. Kanga ya kutupiana vijembe usimuuzie mtu bila kumwambia anachokivaa. Kisutu, kile chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni nguo ya harusi. Ukitaka kuikatia begi la sokoni litanunuliwa, lakini jua kuna mama zetu watakaoumia.

Vitambaa vingine nitavipitia upesi. Kitenge kina uzito na kinasamehe makosa, kizuri kwa anayejifunza. Krepu na shifoni za abaya na mitandio zinateleza, zilaze juu ya karatasi nyembamba na uzikate pamoja na karatasi yake. Lesi huchagui kwa rangi tu, chagua kwa bitana utakayoitia. Viskozi ya madira inapendeza mwilini lakini hurefuka ikitundikwa, kwa hiyo itundike usiku mzima kabla ya kupima pindo.

Kwa kununua, mjini tembea Mchangani na Darajani asubuhi, jua likiwa la kweli. Rangi ya kitambaa chini ya taa ya duka siiamini. Ukiwa Pemba anza Chake Chake na Wete. Ukikua utavuka kwenda Kariakoo ya Dar es Salaam kutafuta jora kwa bei ya jumla, lakini piga hesabu ya boti, mchukuzi na ushuru wa bandarini kabla ya kufurahia. Jora moja au mawili mara nyingi hayalipi safari.

3. Chagua mshono mmoja, uukatie saizi nne

Hii ndiyo hatua inayomtoa mtu ufundi na kumpeleka ubunifu, na ndiyo inayorukwa.

Usianze na mkusanyiko wa nguo ishirini tofauti. Chagua moja unayoipenda na unayoiweza: gauni la kulegea lenye mifuko, shati la kiume la kola ya kusimama, joho jepesi la kuvaa juu ya nguo nyingine. Litengeneze mpaka liwe halina aibu ndani wala nje.

Anza na karatasi ngumu ya kaki. Chora robo ya mbele na robo ya nyuma kwa vipimo vya mtu mmoja wa wastani: kifua, kiuno, nyonga, bega, shingo hadi kiuno, urefu wote, urefu wa mkono. Mtu lazima apumue ndani ya nguo, kwa hiyo kwenye kifua ongeza sentimita 6 hadi 10 kwa gauni la kawaida, na zaidi ya hapo kwa nguo za stara zisizotakiwa kuchora mwili. Nyumbani hapa kipimo hicho cha kulegea ndicho kinachouza au kukataza kuuza. Gauni zuri linalobana nyonga litasifiwa sana na litabaki kwako. Kwa mishono ongeza sentimita 1.5 kila upande, pindo la chini sentimita 4. Kila kipande kiandikwe jina lake, saizi, idadi ya kukata, mshale wa uzi, na vijikato vidogo vya kuoanisha mkono na bega. Paterni isiyoandikwa ni karatasi ya kufungia maandazi.

Nguo ya kwanza usiikate kwenye kitambaa cha kuuza. Ikate kwenye marekani. Neno lenyewe lina hadithi. Katika karne ya kumi na tisa majahazi makubwa kutoka Salem, Massachusetts, yalileta Unguja pamba isiyopaushwa, na tangu 1837 Marekani ikawa na konseli wake hapa. Waswahili wakakiita kitambaa jina la wenyewe. Ni rahisi, hakitelezi, na kalamu inaandika juu yake. Mvalishe mtu, mwambie akae, ainue mikono, apande ngazi, asujudu. Ndiyo, asujudu. Nguo inayopanda mgongoni mtu akisujudu haitavaliwa mara ya pili na mteja wa hapa. Panapovuta, kata na uandike. Rekebisha karatasi, si kitambaa peke yake. Rudia mpaka marekani ya tatu isiwe na alama.

Ndipo uende kwenye saizi. Watu wengi hunakili jedwali la Ulaya kutoka intaneti, kisha wanashangaa kiuno kinakaa na nyonga haipiti. Chukua daftari la vipimo la fundi uliyekaa kwake, kwa ruhusa yake, uandike vifua na nyonga za wateja arobaini, uvipange kutoka kidogo hadi kikubwa, na uone vinapokusanyika. Hizo ndizo saizi zako. Tuseme umepata vifua 86, 92, 98 na 104. Tofauti ni sentimita 6 kuzunguka mwili mzima, na paterni yako ni robo, kwa hiyo kila robo inaongezeka sentimita 1.5 ubavuni. Bega liongeze kama nusu sentimita, urefu sentimita moja au isiwe kitu, maana watu wanene si lazima wawe warefu. Nyonga isome peke yake kutoka kwenye daftari, usiikisie kwa kufuata kifua. Kata saizi zote kwenye karatasi, zitoboe tundu, zitundike ukutani kwa kamba.

Mwishowe shona nguo moja kwa kila saizi, na ukiwa unashona andika mfuatano wa kazi: nini kwanza, nini pili, dakika ngapi. Siku ukipata oda ya nguo sitini na ukamwita mwenzako akusaidie, karatasi hiyo ndiyo itakayofanya nguo zake zifanane na zako.

4. Mteja wa nyumbani, mteja wa kupita

Visiwa hivi vina masoko mawili yasiyojuana. Mteja wa nyumbani anataka stara, sare ya harusi, nguo ya Idi, abaya ya kutokea. Anajua bei ya jora, anajua bei ya fundi wa mtaa wa pili, na akiridhika anakuletea ukoo mzima. Mteja wa kupita anataka kitu kinachosema Zanzibar, chepesi kubebwa, na ataondoka Jumamosi. Kosa ni kushona nguo moja kwa ajili ya wote wawili. Inakuwa wazi mno kwa huyu na nzito mno kwa yule. Chagua mmoja kwa mwaka wa kwanza. Mimi ningeanza na wa nyumbani. Anapunja kwenye bei lakini anarudi kukuambia kosa, na kosa hilo ndilo ada ya skuli yako.

Kalenda zao ni mbili pia. Ya nyumbani inafuata mwezi: harusi hujazana Shaabani kabla ya mfungo, Ramadhani ni nguo za Idi usiku na mchana, baada ya Idi harusi zinarudi, Mfungo Tatu kuna Idi Kubwa, Mfungo Sita ni maulidi na kanzu. Oda za Idi funga kumi la kwanza la Ramadhani likiisha. Utaonekana una roho mbaya. Lakini mtoto aliyekosa nguo asubuhi ya sikukuu, mama yake atalisimulia hilo miaka kumi. Ya wageni inafuata jua: Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari, na masika ya Machi hadi Mei hoteli nyingine hufunga kabisa. Masika ndiyo wakati wa kurekebisha paterni na kushona akiba. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi unarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, tandika kalenda mbili mezani ukaone zinapogongana. Mwaka Ramadhani inapoangukia msimu wa wageni, mtu mwenye mikono miwili hawezi yote.

5. Bei, arbuni, mali kauli

Wengi hupanga bei kwa kuangalia jirani anauzaje. Jirani huenda anakula hasara. Andika yako. Chukulia mfano wa gauni la doti moja, tarakimu ni za kufundishia tu:

Doti shilingi 12,000. Uzi, vifungo na ovaloki ya jirani 1,500. Kazi saa nne, ukijilipa 3,000 kwa saa, 12,000. Sehemu ya pango na umeme 2,000. Nauli na mfuko 1,000. Hasara ya nguo zitakazoharibika, 1,500. Jumla 30,000. Faida asilimia 30 ni 9,000, kwa hiyo hushuki chini ya 39,000.

Hiyo 39,000 ni bei yako ya jumla. Duka la Shangani litaongeza ya kwake, pengine nguo iuzwe 65,000. Nawe ukiiuza hiyohiyo nyumbani kwako kwa 39,000, mwenye duka akijua atakurudishia mzigo, na hana kosa. Bei ya rejareja iwe moja popote. Saa zako za kazi usizitoe kwenye hesabu kwa kuwa "ni mimi mwenyewe", maana siku utakapoajiri hutakuwa na fedha ya kumlipa mtu.

Oda ya mtu binafsi haianzi bila arbuni ya nusu, hata kwa shangazi. Hasa kwa shangazi. Mwambie kwa adabu kwamba ni ya kununulia kitambaa, ataelewa.

Mali kauli ndiyo iliyonifundisha kulia. Unapeleka nguo dukani, unalipwa zikiuzwa. Nilipeleka ishirini na mbili mahali bila karatasi, mwenye duka akabadilika, mpya akasema amezikuta nane. Sikuwa na la kumwonyesha. Mali kauli si mbaya kwa anayeanza, lakini iandikwe: idadi, saizi, bei, siku ya kuhesabu kila mwezi, nani anabeba iliyochafuka au kuibiwa, sahihi mbili. Peleka chache, tano au sita, na uongeze zinapouzwa. Kila nguo itie lebo yako ya kushonwa, si ya kubandika.

6. Karatasi za serikali

Jina la biashara, na baadaye kampuni, husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA. Kodi zinahusu taasisi mbili hapa kwetu, Mamlaka ya Mapato Zanzibar na TRA, kwa hiyo nenda ukajieleze mapema kabla hawajaja wao. Leseni ulizia baraza la manispaa au la mji ulipo. Kwa mikopo midogo ya kuanzia tazama masharti ya Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA.

Jambo moja wasilolijua wengi: alama ya biashara iliyosajiliwa Zanzibar hailindwi Bara, na ya Bara hailindwi hapa. BPRA yetu na BRELA ya Bara ni nyumba mbili. Ukitarajia kuuza Dar es Salaam, sajili kote. Michoro yako ya asili ya kuchapa kwenye kitambaa ni kazi ya sanaa na inaangukia kwenye hakimiliki, COSOZA, watu wa hakimiliki wa Zanzibar, ndio wa kuwauliza. Mshono wenyewe ni vigumu kuuzuia kuigwa. Gauni likipendwa mjini, baada ya wiki mbili liko kwenye kila kichochoro. Silaha yako ni ubora wa ndani ya nguo na kasi ya kuleta jingine.

7. Kazi za mikono ya wengine

Kofia za viua, zile za kutobolewa na kushonwa kwa mkono, zinachukua wiki nyingi, nyingine miezi, na nyingi hushonwa na kina mama nyumbani. Ukili wa mikoba husukwa Pemba na Unguja na watu wanaojua kazi hiyo kuliko utakavyoijua. Mbunifu mwerevu haiigizi kazi hiyo kwa mashine, anaiagiza. Ila aagize kwa adabu: peleka sampuli, kubalianeni bei kwa kipande, lipa kipande kinapopokelewa na si kikiuzwa. Mama aliyekesha na sindano si benki yako. Ukiandika kwenye lebo "imeshonwa kwa mkono", taja na kijiji iwapo mwenyewe ameridhia.

8. Picha, maonyesho, na watu wa kuangalia

Simu inatosha. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi au alasiri jua likilegea, ukuta wa chokaa nyuma, nguo ikiwa imepigwa pasi. Piga mbele, nyuma, na karibu kabisa ya mshono. Anayevaa akupe ruhusa kwa maneno yaliyo wazi, ukimwambia picha itakwenda wapi. Akiwa binti wa watu, zungumza na nyumbani kwao pia. Visiwa ni vidogo, picha inamtangulia mtu mlangoni. Asiyetaka uso uonekane, mpige kuanzia shingoni, nguo ndiyo unayouza. Weka bei kwenye picha. "Njoo faragha" inafukuza wateja.

Jukwaa kubwa la nchi ni Swahili Fashion Week ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2008 na Mustafa Hassanali, mtu aliyesomea udaktari kabla ya kushika mkasi. Nenda kwanza kama mtazamaji, ukakae karibu na pindo zinapopita. Hapa nyumbani mji hujaa Februari kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara, na ni wakati mzuri wa kuwa na nguo chache tayari. Pita pia, kama bado liko wazi, duka alilolifungua mbunifu Doreen Mashika Mji Mkongwe, si kwa kuiga, bali uone namna vitambaa vya kwetu vinavyoweza kukatwa kwa unyoofu na kuuzwa kwa bei ya heshima. Gusa, geuza, tazama ndani. Ukiulizwa, sema unajifunza.

9. Vipande kumi na viwili vya mwanzo

Usishone hamsini. Shona kumi na viwili: mshono mmoja, rangi mbili, saizi nne. Saizi mbili za katikati kila rangi pata viwili, za pembeni kimoja kimoja. Viwekee daftari lenye safu tano: tarehe, saizi, aliyenunua ni wa nyumbani au wa kupita, bei, na neno alilolisema. Safu ya mwisho ndiyo yenye mali. Watatu wakikuambia mfuko ni mfupi, mfuko ni mfupi.

Baada ya miezi mitatu hesabu. Saizi iliyokwisha kwanza izidishe mara ya pili, rangi iliyobaki iache. Nguo ambayo haijatoka usiifiche kabatini. Mpe kwa bei ya kitambaa yule mteja aliyekuletea wenzake, au ifumue. Gauni moja la kanga lililofumuliwa hutoa vipochi viwili vya mkononi na kilemba cha mtoto, na vipochi kwa kawaida huisha kabla ya magauni.